Mto Haung'arishi Mawe

Kuna mfano ambao wafariji wengi huukimbilia wanapokutana na mtu aliyeelemewa na maisha. Humwambia alitazame jiwe la mtoni. Lilianza safari likiwa na ncha na makali, likagongwa, likaburutwa, likasuguliwa na maji na mchanga miaka nenda miaka rudi, na leo ni laini, la mviringo, linapendeza kulishika. Ndivyo Mungu anavyotutengeneza kwa shida, wanasema. Mateso hayaji bure, yanakuja kutulainisha mpaka tung'ae. Mfano huu unapenya moyoni upesi kuliko hoja yoyote ya theolojia, kwa kuwa jiwe lenyewe lipo na kila mtu anaweza kuinama akaliokota. Mimi nataka kuuchukua kwa uzito kuliko wanavyouchukua wanaoutumia. Nataka kuuliza mto unayafanya nini mawe, na mashine ya kusugulia mawe inayafanya nini, kisha niuongeze ushahidi huo kwenye swali la zamani sana la dini: je, mateso humfanya mtu kuwa bora? Jibu langu ni kwamba mateso kwa nafsi yake hayamfanyi mtu kuwa bora, na jiwe la mto, likichunguzwa kwa makini, linatoa ushahidi dhidi ya wale wanaoliita shahidi wao. Hili si jambo dogo la kubishania lugha ya mahubiri. Namna tunavyomsema Mungu mbele ya mtu aliyevunjika inaweza kumwinua au kumzika, na mara nyingi anayesema hajui kati ya mawili hayo amefanya lipi.

Mahali pazuri pa kuanzia ni Mto Yellowstone. Ukitoka kwenye milima ya Wyoming na kuingia jimbo la Montana nchini Marekani, mto huu unakata nyanda pana kwa mamia ya kilomita hadi unapokutana na Mto Missouri karibu na mpaka wa North Dakota. Una urefu wa zaidi ya kilomita 1,000, na hakuna bwawa kubwa lililojengwa kuufunga, kwa hiyo kila mwaka theluji ya milimani inapoyeyuka, maji hupanda kwa nguvu na kuzipindua upya kokoto za kingo zake. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone ni marufuku kuokota hata jiwe moja. Watafutaji huenda chini zaidi, hasa kuanzia mji wa Billings kushuka hadi Sidney, kutafuta akiki ya Montana, ambayo jimbo hilo liliitangaza rasmi kuwa johari yake mwaka 1969 pamoja na yakuti samawi. Huenda barafu inapovunjika baada ya majira ya baridi, au mwishoni mwa kiangazi maji yanapokuwa yamepungua na kuacha kokoto ambazo bado hazijapekuliwa na mtu. Hutembea wakilikabili jua likiwa chini, kwa sababu akiki hupitisha mwanga, na jicho lililozoea huweza kuitambua katikati ya maelfu ya mawe yasiyopitisha kitu. Kwa nje haina mvuto wowote: imefunikwa na ganda la kahawia au jeupe lililochakaa. Ndani yake, ikikatwa au ikisuguliwa, hutokea michoro myeusi na myekundu iliyoachwa na oksidi za manganizi na chuma, yenye umbo la matawi, la mwani, la milima inayoonekana kwa mbali. Mtafutaji huipeleka nyumbani, huitia katika pipa dogo linalozungushwa na mota pamoja na maji na unga wa msasa, na baada ya wiki kadhaa huitoa inang'aa. Mwenye mfano wa faraja ataona hapo uthibitisho kamili wa fundisho lake. Lakini mtafutaji aliyezipekua kokoto hizo kwa mikono yake anajua mambo ambayo mfano huo umeyanyamazia.

La kwanza analolijua ni kwamba karibu kila kitu anachokiona ukingoni ni manusura. Milima inakoanzia mito ina miamba ya kila aina: udongo mgumu uliogandamana, mawe ya mchanga, chokaa, itale, miamba ya volkano. Yote hiyo hutumbukia mtoni na yote hupata misukosuko ile ile. Mnamo mwaka 1030 hivi, Abu Rayhan al-Biruni, mwanazuoni wa Kiislamu aliyeiandikia India kitabu kizima, aliona kwamba katika nchi tambarare ya Mto Ganges mawe ya mviringo ni makubwa karibu na milima, yanapungua ukubwa kadiri mtu anavyokwenda mbali nayo, na karibu na bahari hubaki mchanga tu. Kutokana na hilo alihitimisha kwamba nchi ile yote ilikuwa bahari, ikajazwa na kile ambacho mito ilikibeba. Karne nane baadaye, mwaka 1875, mhandisi Mjerumani Hermann Sternberg alizipima kokoto za Mto Rhine na kuonyesha jinsi uzito wake unavyoshuka kwa kanuni kadiri safari inavyorefuka. Sehemu ya upungufu huo hutokana na mto kuyaacha nyuma mawe makubwa usiyoweza kuyabeba, na sehemu hutokana na mawe kusagika. Mfaransa Auguste Daubrée, katika karne hiyo hiyo, alitia vipande vya miamba na maji katika mitungi akaizungusha, na akaona vipande vikiviringika huku madini yaliyo dhaifu yakigeuka tope. Tope hilo ndilo sehemu ya hadithi isiyosimuliwa. Mawe mengi yaliyoingia mtoni hayakulainishwa. Yaliangamizwa, yakaenda baharini yakiwa maji machafu. Anayeokota jiwe laini Sidney na kusema tazama shida ilivyolifanya amesahau kuhesabu yale ambayo shida iliyafuta. Kosa hili la kufikiri ni la kale. Mwandishi wa Roma ya kale, Cicero, anamsimulia Diagoras wa Melos, aliyeonyeshwa hekaluni picha za mabaharia waliomwomba mungu wakaokoka kwenye dhoruba. Yeye akauliza ziko wapi picha za waliozama. Ushuhuda wa mateso yaliyomwinua mtu hutolewa na wale walioinuka. Waliozama hawana zamu ya kusimama mbele ya waumini.

Na tuulize manusura hao waliokoka kwa sifa gani. Akiki imebaki kwa sababu ni ya jamii ya kwazi, ambayo katika kipimo cha ugumu alichokitunga Friedrich Mohs mwaka 1812 iko kwenye daraja la 7, wakati kalisaiti, ambayo ndiyo madini makuu ya mawe ya chokaa, iko kwenye 3. Tena akiki imefumwa kwa fuwele ndogo mno zilizoshikana sana, hivyo haipasuki kirahisi. Mto unahifadhi kilicho kigumu na kuangamiza kilicho laini. Ndiyo sheria yake yote. Sasa mwenye mfano aupeleke mfano wake hadi mwisho. Akisema shida za maisha hutufanyia sisi kile ambacho mto huyafanyia mawe, amesema kwamba watakaobaki na kupendeza ni wagumu, na wapole watakuwa tope. Ni dini gani inayofundisha hivyo? Kurani, katika Sura ya Al-Baqara aya ya 74, inaitaja mioyo iliyokuwa migumu mfano wa mawe au zaidi ya mawe, na inaitaja kwa lawama. Hata mawe, inasema, yamo ambayo hububujika mito. Nabii Ezekieli anaahidi kwa niaba ya Mungu kwamba moyo wa jiwe utaondolewa na kuwekwa moyo wa nyama. Maandiko yote mawili yanautazama ugumu kama ugonjwa wa kuponywa, lakini mfano wa mto unauweka kuwa sharti la kunusurika. Wengi wamekutana na watu ambao maisha yaliwapiga wakabaki wamesimama, ila kilichobaki ndani yao ni ukavu: hawalii na mtu, hawamwamini mtu, na huwaambia wanao kwamba sisi tulipata mabaya zaidi na hatukulalamika. Hao wametoka mtoni wakiwa laini kwa nje. Kuwaita matunda ya kazi ya Mungu ni kumsingizia.

Jambo la pili analolijua mtafutaji linashangaza zaidi: mto hauyang'arishi mawe. Unayaviringisha, unayapunguza, lakini ni nadra sana kuyaacha yaking'aa. Jiwe la mtoni lililokauka lina ukungu juu yake, kwa sababu uso wake umejaa alama ndogo ndogo za kugongwa ambazo jicho haliwezi kuzitenga moja moja lakini zinatawanya mwanga. Ndiyo maana watafutaji hupenda kupita pale ambapo kokoto zimelowa, au hubeba chupa ya maji ya kunyunyizia: maji hujaza alama hizo kwa muda na rangi ikaonekana, yakikauka, rangi inapotea tena. Sababu iko wazi kwa yeyote anayejua kazi ya kung'arisha. Mng'ao hupatikana kwa kusugua kwa chembe za ukubwa unaolingana, kisha ndogo zaidi, kisha ndogo zaidi tena, kila hatua ikifuta mikwaruzo ya hatua iliyotangulia. Mto hauwezi kufanya hivyo. Unachanganya mwamba wa kilo hamsini na punje ya mchanga katika mkondo mmoja, siku moja unaporomoka kwa mafuriko na siku nyingine umelala, na kila ulichokisawazisha leo kesho unakichubua. Mtafiti wa Hungaria Gábor Domokos na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba jiwe la mto kwanza hupoteza pembe zake huku urefu wake ukibaki karibu vile vile, kisha huanza kupungua mwili mzima. Hakuna awamu ya tatu ya kung'aa. Baada ya kupungua, linaendelea kupungua. Na wala mviringo wenyewe si dalili ya malezi ya mtu yeyote: Septemba 2012 chombo cha Marekani kiitwacho Curiosity kilikuta kokoto za mviringo kwenye sayari ya Mirihi, katika kasoko ya Gale, na wanasayansi walisoma humo jambo moja tu, kwamba zamani maji yalipita hapo. Hakukuwa na roho ya kufundishwa subira.

Aliye makini atanijibu kwamba nimeushambulia mto wakati fundisho linahusu mashine. Mungu, atasema, si mkondo usio na akili. Ni kama yule aliyeliokota jiwe, akalipeleka nyumbani, akalitia katika pipa kwa kusudi. Hili ndilo pingamizi kubwa, nalo linastahili kujibiwa kwa kuitazama kazi ya mashine hatua kwa hatua. Mwenye mashine huyapanga mawe kwanza kwa ugumu, kwa kuwa akichanganya kwazi na kalisaiti, kalisaiti itaisha kabla kwazi haijaanza kubadilika. Huliondoa lenye ufa. Hujaza pipa kiasi cha theluthi mbili, huongeza vipande vya kauri ili mawe yasipigane kwa nguvu, huweka maji na unga mkali wa silikoni kabaidi, na huliacha lizunguke usiku na mchana kwa takriban wiki moja. Kisha hulifungua. Huosha kila jiwe na kulisafisha pipa hadi kona zake, kwa sababu chembe moja kubwa ikibaki na kuingia hatua inayofuata huweza kuharibu mzigo wote. Huweka unga laini zaidi, na baadaye laini zaidi, na mwisho unga wa kung'arishia, mara nyingi oksidi ya alumini. Kila hatua ni pole kuliko iliyopita. Na anajua wakati wa kuacha. Haya yote ndiyo yanayoleta mng'ao: kuchagua, kupima, kukinga, kuosha, kupunguza ukali, kukoma kwa wakati. Msuguano ni sehemu moja tu ya kazi hiyo, tena ndiyo sehemu ambayo mto nao unayo.

Basi anayedai kwamba mateso ya dunia ni pipa la Mungu ana deni la kutuonyesha dalili za pipa. Atuonyeshe njaa inayowapanga watu kwa uwezo wao wa kuistahimili kabla ya kuwapiga. Atuonyeshe saratani ya mtoto inayozidi kuwa pole wiki baada ya wiki, au vita inayosimama katikati ili watu waoshwe. Hatuzioni. Tunachokiona kinafanana na mkondo: mkubwa na mdogo pamoja, mkali na mpole bila mpangilio, na usiojua kukoma. Akinijibu kwamba dalili zipo ila zimefichika kwetu, namheshimu, kwa sababu huenda anasema kweli. Lakini akumbuke kwamba sasa anazungumza kwa imani yake, na jiwe halimsaidii tena. Tena hata pipa lenyewe lina maadili ambayo dini hazikubali. Mwenye mashine hutupa lenye ufa na hasikitiki likipotea moja kati ya hamsini, maana hesabu yake ni ya mzigo mzima. Injili ya Luka inamsifu mchungaji aliyewaacha kondoo 99 akamfuata mmoja aliyepotea, na Isaya anamtaja mtumishi ambaye hatauvunja hata mwanzi uliopondeka. Mungu wa aina hiyo hawezi kufananishwa na mtu anayeanza kazi yake kwa kuwatoa waliopasuka.

Kuna umbo la juu zaidi la fundisho hili, nalo halitegemei mito. Mwanafalsafa Mwingereza John Hick, katika kitabu chake cha mwaka 1966 kuhusu uovu na Mungu wa upendo, alimrudia Irenaeus, askofu wa Lyon wa karne ya 2, akasema dunia haikukusudiwa kuwa mahali pa starehe bali mahali pa kuundia roho. Pasipo hatari hapawezi kuwa na ushujaa. Pasipo mhitaji hapawezi kuwa na huruma. Nakubali sehemu kubwa ya hoja hiyo. Dunia ambamo hakuna mtu anayeweza kuumia ingekuwa dunia ambamo hakuna mtu anayeweza kumsaidia mwenzake. Lakini pana umbali mrefu kati ya kusema kwamba lazima kuumia kuwezekane, na kumwambia mjane fulani kwamba kifo cha mumewe kilitumwa ili kumsugua. La kwanza linahusu jinsi dunia ilivyo. La pili ni madai kuhusu kusudi la pigo moja, na hakuna anayeyasema aliye na njia ya kuyajua. Hick mwenyewe alikiri kwamba mateso mara nyingi huangukia watu ovyo na huwaponda badala ya kuwajenga, na ndiyo sababu alilazimika kusema kwamba kazi ya kuunda roho lazima iendelee baada ya kifo. Mtu aliyeitetea nadharia hii kwa akili nyingi kuliko wengine alijua kwamba dunia peke yake haiithibitishi.

Muumini ataniuliza kuhusu maandiko yanayosema waziwazi kwamba dhiki huleta subira. Yapo, na sina haja ya kuyakwepa. Al-Baqara 155 inasema watu watajaribiwa kwa hofu na njaa na upungufu wa mali na uhai na matunda. Lakini tazama bishara inapotolewa inampata nani: inawapata wanaosubiri. Msiba wenyewe hausifiwi popote katika aya hiyo. Na maneno ambayo aya inayofuata inamfundisha Muislamu kuyasema anapopatwa yanahusu kuwa wa Mungu na kurejea kwake. Hayadai kwamba pigo limemfanya bora. Mtume Paulo, katika Warumi sura ya 5, anapanga mlolongo unaotoka kwenye dhiki hadi kwenye tumaini, kisha anaeleza kwa nini tumaini hilo halitahayarishi: ni kwa sababu ya pendo la Mungu lililomiminwa mioyoni. Nguvu inayofanya kazi katika mlolongo huo ni pendo. Ondoa pendo, ibaki dhiki peke yake, na mlolongo unakatika. Halafu kuna Ayubu, ambaye wahubiri hupenda kumtaja na ni wachache wanaomsikiliza. Katika sura ya 14 anautumia mfano huu huu wa maji na mawe, na anausoma kinyume kabisa na wafariji wa leo: maji huyala mawe, mafuriko huchukua udongo, na hivyo ndivyo Mungu anavyoliharibu tumaini la mwanadamu. Hayo ni maneno ya mtu aliyekuwa ndani ya maji. Na kitabu kinapofika mwisho, Mungu anawakemea marafiki zake waliokuwa na maelezo ya kila pigo, na kusema kwamba ni Ayubu aliyenena yaliyo sawa.

Wapo watu wanaosema, kwa vinywa vyao wenyewe, kwamba ugonjwa au kifungo au kufiwa kuliwafungua macho. Siwakanushi. Wanasaikolojia Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun wa Marekani walianza katika miaka ya 1990 kuukusanya ushuhuda wa namna hiyo na kuupa jina la ukuaji baada ya kiwewe. Lakini wao wenyewe wamesisitiza kwamba ukuaji hautokani na pigo; hutokana na juhudi za mtu za kupambana na hali mpya baada ya pigo, akisaidiwa na walio karibu naye. Na upande wa pili wa mizani ni mzito. Mwaka 1998 daktari Vincent Felitti na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi mkubwa kuhusu watu waliopata madhila utotoni: kupigwa, kunajisiwa, kukulia nyumba yenye ulevi au ukatili. Kadiri aina za madhila zilivyoongezeka, ndivyo ulevi, majaribio ya kujiua na magonjwa ya moyo yalivyoongezeka ukubwani. Kama msuguano ungekuwa unang'arisha, waliosuguliwa zaidi wangeng'aa zaidi. Miili yao inasema vingine.

Pingamizi la mwisho ni la huruma, na ndilo linalonigusa. Mfano huu, wanasema, unawapa watu nguvu. Kwa nini umnyang'anye mtu fimbo anayoiegemea? Mtu akijisemea mwenyewe kwamba shida imemlainisha, huo ni ushuhuda wake na simnyang'anyi. Ila maneno hayo hayo yakitoka kwa mtu aliye nje ya maji, yanageuka kuwa hukumu. Yanamwambia aliyeumia kwamba asipong'aa kasoro ni ya jiwe lake. Yanamwondolea haki ya kulia, kwa kuwa nani analilia zawadi? Na yanamfaa sana anayesababisha mateso. Mwanamke anayepigwa huambiwa avumilie, ndoa ndivyo zilivyo, atakuja kuwa mfano kwa wengine. Kijana anayefanyishwa kazi bila ujira huambiwa anakomazwa. Mkulima aliyeporwa shamba huambiwa mvumilivu hula mbivu, huku aliyempora anakula zile mbivu. Subira ni fadhila kubwa mbele ya jambo lisiloweza kuondolewa. Kuiagiza mbele ya dhuluma inayoweza kukomeshwa ni kushiriki dhuluma hiyo, na mfano wa jiwe la mto umekuwa ukitoa idhini ya kidini kwa ushiriki huo.

Bado nadhani jiwe lina la kutufundisha, tukiuacha mto na kuitazama akiki yenyewe. Ile michoro ambayo mtafutaji anaishangaa haikuchorwa na mkondo. Lava ilipopoa iliacha matundu ndani ya mwamba, na kwa muda mrefu maji yaliyobeba silika yalipenya humo na kuacha tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba, huku chuma na manganizi vikijipenyeza na kutandaza matawi yake. Ni kweli kwamba lava ilianza kwa moto, na sidai kwamba kila chema huzaliwa katika starehe. Lakini michoro iliwekwa baada ya moto kutulia, kwa utaratibu ambao kishindo kingeuharibu, na ilikamilika zamani kabla ya jiwe kuanguka mtoni. Mto uliikuta tayari. Ulichoongeza ni ganda lililochakaa na nyufa. Nikimtazama mtu aliyepita katika shida kubwa akatoka na huruma yake ikiwa hai, sioni sababu ya kuishukuru shida. Nauliza ni nani aliyemlea, nani aliyemfundisha kusali, nani aliyekaa naye usiku, ni chakula gani na wimbo gani na adabu gani ziliwekwa ndani yake tabaka kwa tabaka wakati hakuna aliyekuwa akimgonga. Sifa ni ya hao, na kwa aaminiye, ni ya Mungu aliyekuwa akifanya kazi kupitia hao.

Kwa hiyo nina ombi kwa mashehe, mapadri, wachungaji na kila anayesimama kuzungumza msibani au kando ya kitanda cha hospitali. Acheni kumwambia mfiwa kwamba anasuguliwa. Msomeeni sala mnazozijua, kaeni naye hata bila neno, ulizeni kama watoto wamekula na kama bili imelipwa; na pale mateso yanapokuwa na mtu anayeyasababisha, mwendeeni mtu huyo mkamwambie akome.